Dereva wa Kwenye Karatasi

Gari lenyewe lilimzidi umri binti aliyelinunua. Lilikuwa gari la kupanda milima, la mraba kama kabati la nguo, na mtaa haukuchukua hata siku mbili kulipa jina: Kabati. Milango yake ilifungwa kwa kubamizwa, kioo cha nyuma kiliteremka siku kilipopenda chenyewe, na rangi ilibanduka hadi mtu akajiuliza kama iliwahi kupakwa. Binti alilipenda siku ile ile alipoliona kwenye ua wa mpimaji ardhi mstaafu, na aliyeshapenda hajui tena kupatana bei.

Bahati yake hakwenda peke yake. Alikwenda na baba yake, aliyeendesha gari la wagonjwa la hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye hata baada ya kustaafu mtaa ulimwita Dereva kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mzee alivua koti, akalala chini ya Kabati, akagongagonga chasisi kwa funguo, akasikiliza injini amefumba macho, akaliendesha kuuzunguka ua mara tatu. Aliposhuka akamvuta binti pembeni.

"Injini haina neno, mama. Bodi ndiyo imechoka. Mwambie apunguze, halafu nyamaza. Ukinyamaza ataongea mwenyewe."

Mpimaji akaongea mwenyewe, akapunguza mwenyewe, na Kabati likaenda nyumbani.

Binti alikuwa fundi wa pampu za visima, miaka ishirini na miwili, leseni yake ya udereva ina miezi minne. Kampuni moja ya maji ilikuwa tayari kumkabidhi visima arobaini vya milimani avihudumie yeye, bila bosi wa kumkoromea, kwa masharti mawili: awe na gari lake linaloweza kufika huko, na gari hilo liwe na bima kubwa. Sharti la kwanza lilikuwa uani, likivuja oili. La pili lilimpeleka kwa wakala wa bima, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.

Wakala alikuwa mtu wa maneno matamu na kalamu tatu mfukoni. Alimwuliza umri, akaandika. Akauliza leseni ina muda gani, akaandika. Alipoambiwa gari ni la mwaka gani, aliacha kuandika, akamtazama kwa huruma. Kisha akakigeuza kikokotoo ili binti ajionee. Bei ya bima ilikaribia nusu ya bei ya Kabati lenyewe.

"Kwani nimekosa nini?" binti aliuliza.

"Hujakosa kitu. Una miaka ishirini na miwili."

Hiyo ndiyo biashara ya bima: unaulizwa umri wako, kisha unatozwa faini kwa jibu. Binti alikuwa ameshainuka, machozi yanamlengalenga, wakala aliposhusha sauti.

"Nyumbani hakuna mtu mzima mwenye leseni? Baba, mjomba?"

Kesho yake Dereva alikuja na leseni yake ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka thelathini na mmoja ya majeruhi na wajawazito, njia za lami na za matope, na hakuna hata kosa moja. Wakala aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ni dhahabu, mzee," alisema, na bei ikaporomoka hadi robo. Fomu ikaandikwa kwamba dereva wa gari hili ni mmoja tu, na ndiye huyu.

"Lakini anayeendesha ni mimi," binti alisema.

"Kwenye karatasi ni mzee. Huko barabarani nani atauliza? Wote wanafanya hivi, dada. Nikiongeza jina lako tunarudi kule kule."

Mzee aliyewahi kugombana na daktari mkuu kwa sababu ya mkanda wa kiti angekataa papo hapo, na binti alisubiri akatae. Lakini tangu astaafu hakuna mtu aliyeitaka leseni ile hata kuitazama, na leo mtu wa ofisini kaiita dhahabu. Kichwa kilimvimba kidogo, tuseme ukweli. Akasaini polepole, akauliza kama waandike na namba ya miwani yake.

Kwa miezi saba Kabati lilipanda na kushuka milima bila kununa. Binti alivijua visima vyake vyote kwa milio ya pampu. Naye Dereva aliendelea na kazi moja iliyombakia: kila Jumamosi asubuhi hospitali ilimwita awafundishe madereva wapya wa magari ya wagonjwa. Hakulipwa, alipewa chai, na angekwenda hata kama chai isingekuwapo. Somo lake la kwanza halikubadilika kamwe. Mteremkoni usitoe gia. Ukiweka gari huru ili ubane mafuta, umeukabidhi mlima usukani.

Binti alilisikia somo hilo tangu hajaanza shule, na aliweka gari huru kila siku. Mafuta yalikuwa ghali, miteremko ilikuwa mingi, na katika umri ule maonyo ya baba yalionekana kuwa ya wanafunzi wa Jumamosi.

Ilitokea alasiri moja ya mvua kubwa, mtaani kwao kabisa, kwenye mteremko unaopita zahanati. Gia ilikuwa huru. Breki zilizolowa zilishika, zikaachia. Kabati likaserereka, likapinda, likaubomoa ukuta wa zahanati na kuuangushia gari dogo la muuguzi mkuu lililoegeshwa upande wa pili. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeona pia, kwa sababu mvua ilikuwa imewafungia watu wote ndani, na kelele za mabati zilikimeza kishindo.

Binti alimpigia simu baba yake. Neno la kwanza kumtoka halikuwa kwamba amegonga, wala kwamba yeye ni mzima. Alisema, "Baba, bima."

Dereva alikuja mbio, mzee wa miaka sitini na sita, kandambili moja kaiacha njiani. Alimpapasa binti kichwa, mabega, mikono. Alipoona yu salama aliutazama ukuta, kisha akaitazama gia. Hakugomba. Binti alitamani agombe.

"Toka kwenye kiti," alisema.

"Baba, usifanye hivyo."

Aliyasema hayo akiwa ameshashuka. Hilo ndilo lililomsuta baadaye kuliko yote: mdomo ulikataa, miguu ilikubali. Mzee akapanda, akafunga mkanda, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Mvua ilipopungua na watu wakatoka, walimkuta hapo, akilowa kwa maji yaliyoingia kwenye kioo kilichovunjika. Askari wa barabarani alipofika akaandika alichokiona.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja nyumbani siku ya tatu, kijana nadhifu mwenye kompyuta mapajani.

"Mzee, gia ilikutwa huru. Ilikuwaje?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Alivifikiria visima arobaini, akaufikiria ukuta na gari la muuguzi, ambavyo asingeweza kuvilipa hata akifanya kazi miaka kumi. Akaliweka sinia mezani.

"Niliitoa mwenyewe," Dereva alisema. "Nilikuwa nabana mafuta."

"Miaka thelathini na mmoja ya udereva, na hujui kwamba mteremkoni gia haitolewi?"

"Najua."

"Sasa?"

"Nilipitiwa."

Mkaguzi aliandika huku akisoma kwa sauti, nusu kwa nafsi yake: uzembe wa dereva, umri mkubwa. Binti alimimina chai, na hakumwaga hata tone. Alijichukia kwa hilo.

Bima ililipa kila kitu: ukuta, gari la muuguzi, hata uso mpya wa Kabati. Polisi walizuia leseni ya Dereva kwa miezi mitatu na kuandika kosa lake kwenye kumbukumbu zao. Hospitali ilimwandikia barua fupi yenye heshima tele, ikimwomba apumzike na masomo ya Jumamosi. Wiki hiyo hiyo gari la wagonjwa lilipita mbele ya nyumba yao, na mmoja wa wanafunzi wake akachungulia dirishani akimtania: "Mzee, leo gia iko huru au iko ndani?" Dereva akacheka naye, akampungia mkono. Kisha akaingia ndani, akakaa saa nzima bila kuvua viatu.

"Nitakwenda hospitali niwaambie ukweli," binti alisema.

"Ukiwaambia hao umeiambia bima. Watadai fedha zao zote, visima vitakwenda, na mimi nitakuwa mzembe na mwongo juu yake. Kaa, mama."

Binti akakaa. Alikaa haraka mno, na wote wawili waliliona hilo.

Mwaka wa bima ulipokwisha waliitwa pamoja juu ya duka la viatu, kwa sababu jina la mzee lisingeweza kuondolewa bila saini yake. Wakala alikuwapo, ila safari hii kazi aliifanya karani mpya, msichana mchangamfu ambaye hakujua lolote zaidi ya kilichoandikwa kwenye faili.

"Kwa jina la mzee bei imepanda sana," alieleza. "Ana ajali, na umri nao. Lakini leseni ya binti imeshapita mwaka, na haina kosa hata moja. Tukiandika yeye ndiye dereva, mtalipa nafuu."

Wakala alikuwa amepata kitu cha kusoma kwenye simu yake. Karani akainama kidogo kumwelekea mzee, akalainisha sauti kama anayezungumza na mgonjwa.

"Usijisikie vibaya, babu. Mwachie binti usukani, upumzike. Huyu ana uangalifu."

Binti alifungua mdomo. Dereva alimwahi.

"Ndiyo," alisema. "Ana uangalifu. Nilimfundisha mwenyewe."

Akasaini kujiondoa, kisha akausukuma ule waraka na kalamu mbele ya mwanawe, akamwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa dereva. Karani akamwomba binti asome tamko kabla ya kusaini, ndivyo sheria inavyotaka: kwamba yote yaliyojazwa ni kweli, na kwamba hajawahi kugonga. Binti akalisoma lote, mstari kwa mstari, baba yake akiwa amekaa pembeni yake. Akasaini.