Nguva Asiye na Sauti

Wanawake wazima, wenye waume, wakwe na magoti mabovu, walikuwa wakimlilia kijana mwenye mkia wa samaki. Wala hawakuona haya. Chumba cha kumalizia, ghorofa ya juu ya karakana ya sare za shule, kilikuwa kimeshikwa na wazimu wa maharamia, na aliyewaambukiza ni mwanamke waliyemwita Redio.

Chini vilinguruma vyerehani. Juu kazi ilikuwa ya mkono: pindo, kola, vifungo. Na kwa kuwa mikono ndiyo iliyoajiriwa, masikio yakabaki bure, chumba kilijiwekea desturi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanashona, na mapindo ya msomaji wanagawana. Msimamizi alijua, akajifanya hajui, maana siku za hadithi kazi ilikwenda mbio. Anayetaka kurudiwa maneno hakufungua mdomo. Aligonga meza mara mbili kwa subana, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole na sindano, naye Redio alirudia.

Redio alikuwa mshonaji hovyo kabisa. Pindo lake lilikwenda upogo, na yeye mwenyewe alilicheka. Lakini mpe kitabu! Alikuwa na sauti ya nahodha, sauti ya baharia mlevi, na sauti ya nguva waimbaji, ile iliyomfanya Mama Pasi asahau pasi juu ya shati mpaka harufu ya kuungua ikawaamsha wote.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha binti yake, msichana wa sekondari. Kilimhusu nahodha msichana, haramia asiyeogopa upanga wala jela, aliyependana na kijana wa nguva. Nguva hao wakiimba, mabaharia hujitupa majini wenyewe. Kwa hiyo kijana alimpenda nahodha kwa kukaa kimya, na nahodha alimpenda yeye akiwa ameziba masikio kwa nta. Kitabu kikaishia hapo, mmoja sitahani, mmoja majini, hata busu hakuna. Chumba kizima kilikaribia kuandamana.

"Huyu mwandishi ana roho mbaya," alisema Bibi Vifungo, mkubwa wao kwa umri. "Hata kidogo tu hakuweza kuwapa?"

Kitabu cha pili kilipotoka walichanga wote, wakakinunua. Wote, hata mkata vitambaa, waliyemwita Mkasi kwa kazi yake na kwa ulimi wake.

"Mimi nimechanga kwa ajili ya amani," alisema Mkasi. "Watu wazima mnasikiliza mambo ya watoto, na samaki anayetongoza!"

Lakini kila mambo yalipoiva merikebuni, mkasi wake mkubwa ulikwama katikati ya kitambaa, na wote waliuona, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Siku zile ndipo sauti ya Redio ilipoanza kukwaruza. Kwanza alisema vumbi la nyuzi. Kisha akasema mafua. Mwishowe akaenda kwa daktari, na daktari akamwonyesha picha ya koo lake, na ndani yake kitu kidogo kilichojibanza jirani na neva ya sauti. Kitolewe haraka, alisema. Na sauti? Huenda ikarudi, mama, huenda isirudi. Alilisema hilo kwa upole, huku akitafuta kalamu.

Redio hakumwambia mtu ila mumewe, fundi bomba, ambaye alikaa kitandani na viatu vyake vya kazini, akamshika mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walishasema. Lakini yeye hakuogopa kifo. Aliogopa chumba kile bila sauti yake. Aliogopa kuwa mwanamke anayekunja pindo upogo, basi.

Asubuhi iliyofuata alifungua kitabu mahali palipowekwa uzi mwekundu, akasoma. Merikebu ilikuwa imeingia kwenye miamba, usiku, tufani. Kijana wa nguva akapanda juu ya jabali, akaimba kwa mara ya kwanza, akawavuta mabaharia kwa wimbo, usukani ukageuka, wakatoka salama. Subana ziliomba sehemu hiyo irudiwe mara tatu, na mara tatu akairudia, kwa furaha, akiwa amesahau koo lake. Halafu akageuza ukurasa.

Sauti ya kijana ilikuwa imekatika. Na chini ya hapo, mstari peke yake, mwandishi alikuwa ameandika: *Nguva asiye na sauti hafiki asubuhi.*

Redio aliuona mstari huo kabla mdomo haujaufikia. Chumba kilisubiri. Mama Pasi alikuwa ameinua pasi hewani.

"Soma basi!" alisema Mkasi. "Amekufa?"

"Nguva asiye na sauti," alisema Redio, akameza mate, na yakauma, "huishi kama wengine. Nahodha akamvuta sitahani. Alikuwa mzima."

Wakapiga vigelegele. Bibi Vifungo alilia waziwazi. Redio aliwatazama akacheka nao.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kuanzia hapo kitabu kilikwenda njia yake na hadithi ikaenda njia yake. Palipoandikwa kwamba nahodha anaomboleza, Redio alimfanya anapika uji wa mgonjwa. Palipoandikwa kaburi, alisoma kisiwa. Alijikumbusha kugeuza kurasa. Busu lile walilolidai alilitoa mwenyewe, siku ya pili yake, kwa maneno ambayo mwandishi yule mwenye roho mbaya asingeyatoa hata kwa kupigwa, na chumba kikamgongea subana mpaka msimamizi akapanda ngazi kuuliza kama kuna kilichovunjika.

"Mwandishi naye amechangamka," alisema Bibi Vifungo akivuta uzi. "Siku hizi anasema kama wewe."

"Ndiyo uzuri wa kitabu cha pili," alijibu Redio, na shingo ikamtoka jasho.

Nyumbani binti yake, aliyekwisha kukisoma kwa kuazima kwa rafiki, alimwuliza, "Mama, mmefika pale anapokufa? Walilia?"

"Walilia sana," alisema Redio. Huo haukuwa uongo, na bado aliona aibu kumtazama mtoto.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia siku alipopangiwa kulazwa, kwani hapo ilimbidi aseme kuhusu koo lake. Alilisema mwisho wa kazi, wakati wanakunja. Mama Pasi alikaa chini palepale. Bibi Vifungo alimvuta kichwa akakiweka begani kwake, akimwita mwanangu, mwanangu. Mkasi peke yake alibaki amesimama, amekunja uso.

"Na kitabu?" aliuliza.

"We Mkasi!" alisema Mama Pasi. "Mwenzako anakwenda kupasuliwa!"

"Nimesikia. Nauliza kitabu."

"Nitakwenda nacho," alisema Redio upesi. "Nikasome hospitalini."

"Hospitalini utalala. Kitabu tulichanga wote, cha chumba hiki." Mkasi akanyoosha mkono. "Nitasoma mimi mpaka urudi. Lete."

Redio alikishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa mtu kushika kitabu kisicho chake. Kisha akakitoa. Alijua kitakachotokea: Mkasi atafungua penye uzi mwekundu, atasoma mistari miwili, na atakutana na nahodha anayemlilia marehemu. Na Mkasi si mtu wa kukaa na jambo mdomoni.

Akapasuliwa. Alipozinduka alitaka kumwita mumewe, ikatoka hewa tupu. Daktari alisema tusubiri. Wakasubiri, yeye na mumewe na binti yao, katika nyumba iliyojaa ishara za mikono na vikaratasi mezani, na kila alipofungua mdomo ilitoka hewa ileile. Binti alijitolea kumsomea, akaanza vizuri, akamwona mama yake anavyogeukia ukutani, akaacha. Mchana, akiwa peke yake, Redio aliwaza chumba cha juu. Alimwona Mkasi amesimama na kitabu wazi. Jamani, mnajua huyu alikuwa anatudanganya? Aliwaza watamwitaje sasa. Redio mbovu ni utani ambao hata yeye angeutunga.

Alirudi kazini kwa sababu kukaa nyumbani kulimshinda. Alipanda ngazi akiwa amejifunga kitambaa shingoni. Walimkumbatia mmoja mmoja, wakiongea wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio ndiyo yaliyopasuliwa. Aliwachunguza nyuso. Hakuona kitu, na hilo nalo lilimtisha, kwa sababu watu wenye huruma ni hodari wa kuficha dharau.

Kiti cha msomaji, kile cha dirishani, alikuwa amekikalia Mkasi. Redio aliwekwa kando ya Bibi Vifungo, penye rundo la sketi. Bibi akafungua kopo lake, akatoa subana, akamvisha kidoleni.

"Hii yako sasa," alisema. "Hujawahi kuwa na ya kwako, wewe."

Ilimuuma kuliko kisu. Aliinamisha kichwa, akatia uzi kwenye sindano, akaanza pindo la kwanza, upogo.

Mkasi alikohoa, akafungua kitabu. Uzi mwekundu ulikuwa mbele sana ya pale Redio alipouacha. Basi wamekwisha kupita. Wanajua. Ukurasa ule Redio, aliyekuwa amekisoma kitabu mpaka mwisho kwa siri, aliujua hata kwa mbali, kwa picha ndogo ya gamba la kombe juu yake: hapo nahodha anatupa kombe la marehemu baharini, na kuapa hatapenda tena.

"Nahodha," alisoma Mkasi kwa sauti kavu ya mtu anayetangaza vipimo, "akashuka sitahani. Yule kijana alikuwa amekaa, eeh, amekaa kwenye beseni. Beseni kubwa la kufulia. Mkia umo ndani."

Sindano ya Redio ilisimama.

Hakuna beseni katika kitabu kile. Hakuna mwandishi wa maharamia duniani angeweka beseni la kufulia. Alimtazama Mkasi. Macho yake hayakwenda na mistari. Yalikuwa yamekazana mahali pamoja, na jasho lilimtoka puani.

"Nahodha akasema, nitakujuaje usiku, na wewe huwezi kuniita? Na giza lilikuwa giza kweli. Kijana akafikiri." Mkasi naye akafikiri, kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyemharakisha. "Akagonga. Akagonga ubao wa merikebu kwa mkono wake. Nahodha akasema, hiyo nitaisikia popote. Akaja, akamkuta."

Mkasi akageuza ukurasa, akiwa amechelewa sana kuugeuza. Hakumtazama Redio hata kidogo. Bibi Vifungo aliendelea kuvuta uzi, na Mama Pasi alishusha pasi taratibu, na Redio hakuweza kujua nani miongoni mwao anajua na nani hajui. Alijua jambo moja tu. Mkasi alikuwa amerudi nyuma akausoma ule mstari wa nguva asiyefika asubuhi, peke yake, macho makavu, na hakukubali kuutamka.

Machozi yalimshuka Redio. Alilia kwa sababu hadithi ilikuwa inasomwa vibaya, vibaya mno, na kwa sababu ilikuwa inasomwa, na si yeye anayeisoma. Alitaka kusema neno. Alifungua mdomo, ikatoka hewa.

Akainua kidole chenye subana, akagonga meza mara mbili.

Mkasi aliacha kusoma. Chumba kizima kiligeuka kumtazama Redio.

"Wapi?" aliuliza Mkasi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kavu. "Pale anapogonga?"

Redio akatikisa kichwa kukubali.

Mkasi akarudisha ukurasa nyuma, akaweka kidole juu ya maneno mengine kabisa, akarudia. Hayakutoka yaleyale, kwa kuwa hayakuandikwa popote. Mara hii usiku ulikuwa mrefu zaidi, na nahodha alikuwa mbali zaidi, na kijana aligonga mara nyingi kabla hajasikika.

Lakini asubuhi alifika.