Mlo Mwema, Bibi Tesquier

Régis Vaudelin hakuipenda ile picha. Ilikuwa pana kama mlango wa ghala, nyeusi kama sufuria ya kuni, na katikati yake alisimama Mtakatifu Evrelin, msimamizi wa mji wa Vaubrenne, ambaye wapagani walimkata kichwa, naye akakiokota akaendelea na safari. Alikuwa amekishika mbele ya tumbo, na kichwa chenyewe kilikuwa na uso wa mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani bila kuulizwa. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi na kila Jumamosi, Régis alikuja kwenye jumba la kale la maaskofu, ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa, akapanda ngazi za mawe, akaketi kwenye benchi mbele ya picha hiyo mpaka adhuhuri.

Mlinzi wa chumba kile aliitwa Maryvonne Tesquier, na kiti chake kilikuwa kando ya mlango. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani, na aliwaambia watoto wa shule "usiguse" kwa upole ambao uliwafanya warudishe mikono mifukoni wakiona haya. Régis alimpenda. Hakuna njia ya kulizungusha jambo hilo.

Yote yalianza kwa goti. Régis alikuwa mwalimu wa udereva mstaafu, na goti lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa kukanyaga ile breki ya pili, breki ya mwalimu, kila mwanafunzi alipoelekea kwenye ukuta. Siku moja mvua ilimwingiza makumbusho, goti likamgomea katika chumba cha Mtakatifu Evrelin, akaketi. Bibi Tesquier akamwambia, "Watu wote hupita tu hapa. Wewe ni wa kwanza kumkalia mtakatifu wetu." Régis angeweza kusema ni goti. Badala yake akasema, "Ina kitu, hii picha." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Régis ilichukua miaka mitatu, lakini iliishia palepale.

Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Walizungumza juu ya mvua, juu ya paa la askofu linalovuja, juu ya mkate wa siku hizi usio na ladha. Kila ilipofika saa sita mchana, makumbusho yalifungwa kwa ajili ya chakula, kama posta, kama duka la vyuma, kama kila kitu Vaubrenne isipokuwa kanisa, na kanisa nalo halina mtu saa hiyo. Bibi Tesquier alisimama akasema, "Bwana Vaudelin, tunafunga." Régis akajibu, "Mlo mwema, Bibi Tesquier." Naye akasema, "Nawe pia." Kisha mwanamume akaenda kwake kula supu akiwa amesimama jikoni, na mwanamke akateremka ghorofa ya chini na kopo lake.

Kuna nchi ambako anayekula humwambia mpita njia karibu. Vaubrenne humwambia mlo mwema, na maana yake ni: wewe kwako, mimi kwangu, na Mungu atubariki sote kwa mbali.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Bibi Tesquier kazini. Jumatatu angepanda treni kwenda kuishi kwa mdogo wake, pwani ya Bretanya, ambako Régis hakuwa na goti, mvua wala sababu yoyote ya kumpeleka. Kwa hiyo alikuwa ameweka meza ya watu wawili Kwa Gaston, mkahawa wa upande wa pili wa uwanja, na wiki nzima alifanya mazoezi mbele ya kioo cha gari. "Bibi Tesquier, ungependa tule pamoja?" Maneno matano. Alikuwa amewafundisha watu wenye hofu kuliko yeye kurudi kinyumenyume wakipanda kilima.

Alipofika chumbani akakuta viti vimepangwa na watu wamejaa. Chama cha Marafiki wa Makumbusho kilikuwapo chote, wazee kwa bibi vizee waliovaa skafu nzuri, na mezani kulikuwa na mvinyo na vitumbua vya jibini. Mkuu wa makumbusho, Clémence Ravaud, binti aliyeletwa kutoka Paris na aliyekuwa bado anasubiri kurudishwa, alimdaka mkono.

"Bwana Vaudelin! Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

"Mimi?"

"Bibi Tesquier tulimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Saa? Hataki. Maua? Hataki. Amesema anataka yule bwana anayeipenda picha yetu kuliko sisi wote atuambie kwa nini."

Régis akamtazama Bibi Tesquier. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango, mikono mapajani, miwani machoni.

"Haya, usitunyime," alisema mzee mmoja mdomo umejaa. "Mimi nimezaliwa hapa na sijaona uzuri wake hata leo."

"Wewe huoni hata bei ya mvinyo unaokunywa," mkewe akamwambia. "Nyamaza tusikie."

Maji yalikuwa yamemfika Régis shingoni. Aligeuka kuitazama picha, na akagundua kwamba kwa miaka mitatu hakuwahi kuitazama. Mguu wake wa kulia ulitafuta breki sakafuni, haukuipata.

"Huyu," akaanza, "ni mtu anayetembea." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakafumba macho ili wasikie vizuri. "Hatazami mbele, kwa sababu hana cha kutazamia. Kwenye mtihani angefelishwa. Lakini yuko barabarani, na mikono yote miwili ameishughulisha." Kimya kikazidi kuwa cha heshima, na heshima ile ndiyo iliyomshinda. "Jamani, siipendi picha hii."

Kitumbua kimoja kikaanguka.

"Sijawahi kuipenda. Naona ni mbaya. Mtakatifu ana uso wa mtu anayeumwa na tumbo, mbwa wa pale kando ni kama meza, na mguu ule wa kushoto una vidole sita."

"Vingapi?" aliuliza Clémence Ravaud.

"Sita."

"Haiwezekani. Picha hii imeandikiwa vitabu viwili."

Akaisogelea. Chama kizima kikamfuata, viti vikaburuzwa, miwani ikatolewa mifukoni, na kwa muda mfupi waliokuwa wamekuja kumuaga Bibi Tesquier walimpa mgongo wote pamoja. Mmoja alihesabu vitano na kivuli. Mwingine alihesabu sita na kivuli. Mzee wa mvinyo alisema kwao kulikuwa na fundi seremala mwenye vidole sita, mtu mzuri sana, akaambiwa anyamaze.

Régis akabaki peke yake katikati ya chumba. Hatua chache tu zilimtenga na kile kiti. Alizitembea. Alikuwa na maneno yake matano, yako mdomoni tayari, na aibu iliyokuwa imempata ilikuwa kubwa kiasi kwamba nyingine ndogo isingeonekana.

Hapo kengele ya kanisa ikagonga adhuhuri. Bibi Tesquier akasimama, kama alivyosimama kila siku, maana kazi ni kazi mpaka iishe.

"Bwana Vaudelin," alisema, "tunafunga."

Na mdomo wa Régis, mdomo ule uliozoea, ukasema wenyewe, "Mlo mwema, Bibi Tesquier."

Angeweza kulia. Alisimama pale kama mtu aliyegonga ukuta katika njia aliyoifundisha mwenyewe.

Bibi Tesquier hakujibu nawe pia. Alivua miwani.

"Nilijua huipendi," alisema. "Anayependa picha huitazama. Wewe ulikuwa unaipa sikio la kushoto, uso wote uko huku kwangu."

"Ulijua? Sasa mbona umenisimamisha mbele za watu?"

"Nilitaka useme kitu. Chochote kile, ila hicho ulichosema sasa hivi."

"Miaka mitatu unanitakia mlo mwema," aliendelea, na sauti yake haikuwa tena ile ya kuwaambia watoto wasiguse. "Hata siku moja hujaniuliza nakula nini."

"Unakula nini?"

"Karoti za kukwaruza. Kwenye kopo. Peke yangu, katika jiko la askofu, nimetazamana na oveni ya kuchomea kulungu mzima."

"Nimeweka meza Kwa Gaston," alisema Régis. "Ya watu wawili. Jumamosi wana dengu na nguruwe."

"Lini umeiweka?"

"Jumatatu iliyopita."

"Na umengoja mpaka mpishi ameshaanza kupakua." Akachukua funguo ukutani, akapiga makofi. "Mabwana na mabibi, tunafunga! Vidole havitakimbia, mtavihesabu saa nane!"

Waliteremka ngazi polepole kwa ajili ya goti. Uwanjani Régis aliuliza, akitazama mbele kama mtu mwenye leseni, "Na Jumatatu? Bretanya?"

"Mdogo wangu anakoroma," alisema Bibi Tesquier. "Tuone kwanza hizo dengu."

Kwa Gaston waliwekwa dirishani. Mhudumu akaleta sahani mbili zinazotoa moshi, akazitua, akasema kama anavyowaambia wote wanaokuja wawili wawili, "Mlo mwema, bwana na bibi."

Régis, aliyekuwa mkweli kwa muda usiofika saa nzima na aliyekuwa bado hajui mipaka ya ukweli, akafungua mdomo amsahihishe kijana wa watu. Chini ya meza, kiatu cha Bibi Tesquier kikashuka juu ya mguu wake wa kulia, kikakanyaga mpaka mwisho.

"Kula, Régis," akamwambia.