Santuri Zisimame

Mchwa hawakumwonea haya Mardhiya. Walipanda kutoka chini ya sakafu ya udongo, wakala kitako cha sanduku la chai, wakala na baadhi ya majalada ya karatasi, wakaziacha santuri zenyewe kwa kuwa hazina ladha. Siku mumewe alipoliinua lile sanduku apate kufagia, kitako kikabaki chini na santuri zikamiminika sakafuni kama vigae.

Bwanausi akabaki amesimama na sanduku lisilo na chini.

"Zipi hizo?" Mardhiya aliuliza kutoka kitandani. Hakupiga kelele. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi mapajani, na pumzi ilikuwa kidogo, hakutaka kuipoteza.

Bwanausi alichutama akaokota kipande, akakisogeza dirishani. "Ile uliyonunua mwaka wa mgomo."

"Na nyingine?"

"Usiulize, Mama Mwanahija."

Santuri zile zilikuwa zake, si za mumewe, na kila aliyeingia nyumba ile aliambiwa hivyo. Alizinunua kwa vitumbua. Miaka yote Bwanausi alipokuwa kuli bandarini Dar es Salaam, Mardhiya alikaa nje ya lango na karai lake, tangu alfajiri, moshi ukimla macho. Makuli waliubeba mji ule migongoni, na wanawake kama yeye wakailisha migongo hiyo. Leo ukipita mjini utaona sanamu na vibao vya shaba, lakini tafuta popote utakapo, hutaona kibao cha mwuza vitumbua. Kila alipobakisha kitu alikwenda dukani akarudi na santuri moja, ameikumbatia kifuani kama mtoto.

Na kila santuri ilikuwa na siku yake. Ilikuwapo hiyo ya mgomo wa makuli, waliposhinda. Ipo aliyoinunua asubuhi, na jioni mtoto wao wa pekee, Mwanahija, akashikwa na homa ambayo haikumwachia. Ipo moja ambayo sauti yake mwenyewe imo ndani, pamoja na wanawake wengine wa chama chao cha ngoma. Walikuja wenye mashine, wakawaimbisha kutwa nzima katika chumba kisicho na dirisha, wakawapa kila mmoja soda na kanga, wakaenda zao. Karatasi ya katikati ikaandikwa jina la mpiga fidla. Wanawake hawakuandikwa hata "na wenzake".

Bwanausi alifukuzwa bandarini kwa ajili ya mdomo wake. Wakubwa wa kizungu walimfuta, na baada ya Uhuru akarudishwa, wakaja wakubwa wengine, wakauona mdomo ni uleule, nao wakamfuta. Ndipo wakarudi Bagamoyo, nyumba ya baba yake, na gramafoni, na masanduku ya chai yaliyojaa santuri. Sasa hospitali ilikuwa imewaambia ni moyo, umechoka, mrudisheni mgonjwa nyumbani.

"Baba Mwanahija," Mardhiya alisema, vigae vilipokwisha kufagiwa, "nataka nizione zimesimama. Pale ukutani, mbele yangu. Zimelala miaka yote kama wagonjwa. Nyumba hii mgonjwa mmoja anatosha."

"Nitakutengenezea shelfu."

"Lini? Mimi si wa kungoja."

Basi Bwanausi akatoka kutafuta shelfu.

Alianzia kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga mizigo ahame nchi, akiuza hadi meza ya kulia. Lilikuwapo shelfu la chuma, refu, zuri kwa macho. Bwanausi akaweka kiganja katikati ya bati lake akakandamiza. Bati likabonyea, likalia. Akainama akatazama miguu: upepo wa bahari ulikuwa umekwisha kuila, kutu inatoka kama unga. Akashukuru, akaondoka.

Akaenda kwa Mohamedi, fundi seremala wa nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee Bwanausi."

"Marahaba. Nataka shelfu, liwe imara, na nisiuze nyumba kwa ajili yake."

"La vitabu? Maana wewe kwa kusoma!"

"La santuri."

Fundi akaacha randa. "Hapo pana kazi. Santuri moja ni kama karatasi, mzee. Zipange mia, umejenga ukuta. Nikikuwekea msonobari, Maulidi haijafika lina tumbo kama la mjamzito. Hapa panatakiwa mvule, na vipande vifupi, nguzo karibu karibu, zisimame wima. Santuri ikiegemea, inajipinda. Lakini mvule siku hizi mpaka kibali."

Bwanausi akaenda ofisi ya misitu kuomba kibali. Karani alikuwa kijana, kalamu mbili mfukoni.

"Matumizi?"

"Shelfu la santuri za mgonjwa."

Karani akacheka mpaka wenzake wakageuka. "Taifa linajenga, mzee, wewe unataka kucheza dansi!"

Nje ya ofisi hiyohiyo lori lilikuwa linapakia mbao za mvule, ndefu, nyekundu, zinanukia. Zilikuwa za jukwaa la wageni wa serikali. Jukwaa lilijengwa, wageni wakaja, wakalikalia muda wa hotuba tatu, wakapanda magari. Nani aliyeuliza mbao zile zilikwenda wapi baadaye? Wanaokumbuka hawaulizwi.

Akashuka Mlingotini kwa dada yake Ashatu, akapewa bure ubao wa mashua iliyovunjika. Akaubeba begani hadi kwa fundi. Mohamedi akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi tupu, na mafuta ya papa. Masika ikiingia ubao huu utatoa jasho, majalada yataota ukungu. Rudisha, mzee, wapikie chai."

Bwanausi akaketi juu ya gogo. Amechoka. Ndipo jicho lake likaangukia pembeni ya banda, chini ya turubai, akaona ncha za mbao. Akavuta turubai. Mvule mkavu, vipande vifupi vya urefu mmoja, vimepigwa randa vikalainika, na kila kimoja ncha zake zimekatwa mshazari.

Hakuhitaji kuambiwa. Kila mwanamume mzima wa pwani amewahi kupokezana mbao za namna ile mkono kwa mkono, amesimama kwenye udongo mbichi. Ni viunza, mbao za kumfunika maiti ndani ya mwanandani wa kaburi, ili udongo usimwangukie.

"Vya nani?"

"Vya marehemu Msabaha," fundi alisema, hakupenda kuulizwa. "Alijiandalia mwenyewe, na sanda yake sandukuni. Akaenda kuhiji, akafia Makka, wakamzika hukohuko. Watoto wamekataa kuvichukua. Hakuna anayevitaka. Watu wanasema kiunza kikikosa mwenyewe kinatafuta mwingine."

"Watu walisema pia mkoloni hatoki. Niuzie."

"Mzee, za msikitini hizi. Nilikuwa nangoja niwapelekee."

"Niuzie bei ya kuni. Fupi, ngumu, kavu. Si ndivyo ulivyosema mwenyewe?"

"Ndivyo. Lakini Mama akijua?"

"Hatajua."

Neno jepesi. Na alilisema mtu ambaye miaka ile alipanda juu ya pipa mbele ya makuli elfu, shingo imetoka mishipa, akapiga kelele kwamba mfanyakazi asifichwe jambo, kwamba anayekuficha ameshakuuza. Siku hiyo bandani hakukuwa na pipa, wala wa kumkumbusha.

Mohamedi alizikata zile ncha za mshazari, akaunga mbao mbilimbili kwa upana. Akajenga shelfu kwenye ukuta wa ndani, si ule wa nje unaolowa mvua. Miguu akaisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Bwanausi, mtu aliyezoea kutotupa kitu, akavikusanya vile vichwa vilivyokatwa, akavitia kwenye kikapu cha kuni uani.

Mardhiya aliegemezwa mito, akawa msimamizi.

"Hapana, hiyo sogeza. Za taarabu juu. Za dansi chini, zicheze huko na mende."

"Mama, umepona wewe," fundi alisema.

"Nani kakwambia naumwa? Nimekaa tu, nasimamia watu wavivu."

Zilipokwisha kupangwa zote, zimesimama wima, migongo ya majalada imewaelekea, Mardhiya aliinua mkono. Kisha akasema, "Ngoja. Usiseme kitu." Akazitazama kama mtu anayetazama watu wake wakishuka kwenye gari.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Kila alasiri alionyesha kwa kidole, Bwanausi akachomoa, akazungusha mkono wa gramafoni. Mardhiya alikula uji wote. Jirani walipita wakasikia taarabu wakadhani mgonjwa ameinuka. Bwanausi alijiona amewashinda wote, karani na lori lake.

Ijumaa Ashatu akaja kutoka Mlingotini na samaki wa kukaanga. Akamsalimu wifi yake, akamtania kwamba amenenepa kwa uvivu, akatoka uani kuwasha moto. Haukupita muda, akarudi. Alisimama mlangoni, mkononi ameshika kichwa cha mbao kilichokatwa mshazari.

"Kaka. Hiki nini?"

"Kuni. Wewe pika."

"Napika kwa kuni za kaburi?" Sauti yake ilipanda. "Huko kwetu marehemu mume wangu alichimba makaburi miaka yote, mimi nisijue kichwa cha kiunza? Vingine viko wapi?" Macho yake yakaenda ukutani, yakapanda yakashuka juu ya shelfu. "Ya Rabi. Umemletea mgonjwa viunza chumbani!"

"Ashatu, toka nje."

"Sitoki! Umemzika angali hai!"

"Mbao ni mbao! Ujinga huohuo ndio uliotukalisha…"

"Acheni," Mardhiya alisema.

Ashatu akakaa sakafuni akaanza kulia, lile jiti bado mkononi.

Mardhiya hakulitazama shelfu. Alikuwa akimtazama mumewe. "Ulijua?"

Bwanausi aliweza kusema mengi. Alikuwa na hoja za kujaza uwanja. "Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu kwa fundi."

"Nilitaka uzione zimesimama. Muda ulikuwa unakwisha. Hakukuwa na mbao nyingine mji mzima, wallahi, hakukuwa."

"Mimi siogopi mti, Baba Mwanahija. Nilimwosha mwanangu kwa mikono hii, niogope mti?" Alipumua, akangoja pumzi nyingine. "Ungeniambia tu. Ungesema, Mardhiya, zipo hizi, za marehemu fulani, unaonaje. Pengine ningecheka. Pengine ningesema weka. Lakini umekata shauri juu ya kitanda changu kama mimi ni mzigo wa melini. Bandarini walipokuficha, uligoma. Mimi hapa nigome vipi? Niende wapi?"

Bwanausi ndiye aliyewafundisha watu kudai jibu la swali kama lile.

"Ziondoe mbao hizi," alisema mkewe. "Kila nikizitazama nitaona ulivyoninyamazia."

Bwanausi akazishusha santuri zote mwenyewe, akamkataza Ashatu kusaidia. Akalivunja shelfu kwa nyundo, taratibu, asichane mbao. Mohamedi aliitwa, akaja, akazichukua kuzipeleka msikitini zilikokuwa ziende tangu mwanzo. Vile vichwa vya uani Ashatu akavifukia kwenye mchanga.

Zikabaki santuri katikati ya chumba, juu ya mkeka. Masanduku yalikwisha kuliwa. Chini ya sakafu mchwa walikuwa wakingoja zamu yao. Mardhiya akageuzia uso ukutani, na siku ile na ya pili yake hakula uji. Bwanausi alikwenda tena kwa karani. Safari hii hakukuwa na kicheko. Hakukuwa na karani. Siku ya wageni ilikuwa imefika, na ofisi nzima ilikuwa jukwaani.

Aliporudi, jasho linamtoka, Ashatu alimpokea mlangoni akatikisa kichwa. Pumzi ya Mardhiya ilikuwa imebadilika.

"Amekuita?"

"Ameuliza santuri ziko wapi."

Bwanausi aliingia. Mkewe alikuwa amegeuka, anautazama ule ukuta mtupu wenye alama nne za makopo. Bwanausi akatazama mkeka, akatazama ukuta. Kisha akakaa chini, mgongo umeuegemea ukuta palepale shelfu lilipokuwa, akanyoosha miguu. Akazichukua santuri, kumi, ishirini, akazisimamisha juu ya mapaja yake, wima, migongo ya majalada imeelekea kitandani. Akazizungushia mikono huku na huku zisianguke. Ashatu akaelewa, akamletea nyingine, akazipanga kwenye miundi, mpaka hapakubaki pa kuweka. Zile nzito za zamani zilimkata nyama. Alizishika.

Jua la alasiri liliingia dirishani likapita juu ya majalada, la kijani, la samawati, lililofifia. Mardhiya alitazama. Midomo yake ikacheza kama anayesoma.

"Ile ya mwisho," alisema, polepole sana. "Imeinama. Nyoosha."

Bwanausi akainyoosha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Haya," alisema mkewe.

Kama lilikuwa neno la msamaha, hakuna aliyejua, na Bwanausi hakupata nafasi ya kuuliza. Ashatu aliinama sikioni mwa wifi yake akamsomea shahada, akarudia, akarudia, kisha akamfumba macho kwa kiganja.

Watu walianza kuingia. Wanaume wakasimama mlangoni wakamtazama mtu mzima aliyekaa sakafuni kama mwehu, santuri zimemjaa miguuni hadi kifuani, uso umelowa.

"Bwanausi, inuka, ndugu yetu," mmoja alisema. "Tumtengeneze marehemu wako. Inuka."

"Zitaanguka," alisema.

Ikabidi wanawake wapige magoti mbele yake, wamwondolee santuri moja moja mikononi.