Kuku wa Shemeji

Mwalimu mstaafu wa sayansi alikuwa na milimao mitatu nyuma ya nyumba, na msimu ule viwavi waliivamia kama walioalikwa. Ndani ya wiki moja matawi ya chini yalibaki vijiti.

Shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, aliishi ng'ambo ya ua na alifuga kuku. Alichungulia akasema, "Shemeji, hao unawaokota tu kwa mkono. Kila asubuhi, ndoo ya maji ya sabuni, basi."

Mwalimu alicheka. "Miaka thelathini nimefundisha habari za wadudu, leo niwaokote kama anayechambua mchele?"

Akanunua dawa. Kibandiko kilisema kizibo kimoja kwa bomba zima. Yeye akatia viwili. Kilisema pia mifugo isikaribie kwa siku saba. Alikisoma vizuri tu. Alijua ua una tundu na kuku hupita hapo, lakini kumwambia shemeji awafungie kungekuwa kukiri kwamba ushauri wake ameutupa. Akanyunyiza, akanyamaza.

Kesho yake viwavi walitapakaa chini ya miti, na kuku wakajilia. Kufikia saa nane mchana, kumi na mmoja walikuwa wamekufa uani kwa shemeji. Walionusurika ni wale waliokuwa wakitamia bandani.

"Ni ugonjwa," shemeji alisema, sauti imemkauka. "Ndio huo unaopitapita."

Hapo ndipo angesema. Akafungua kinywa, kikatoka kingine: "Pole sana. Ngoja nikalete jembe."

Alichimba shimo refu, akawafukia. Alipomaliza, shemeji alimmiminia maji ya kunawa. "Mungu akuweke, shemeji. Peke yangu ningefanyaje?" Mwalimu alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili asimtazame usoni.

Habari za ugonjwa zikaenea. Majirani wakaacha kununua mayai kwake. Mwenye duka la kona akamrudishia trei zima mbele ya wateja, akilishika kwa ncha za vidole. Mwalimu alikuwepo, amesimama na mkate wake kwapani.

Siku ya nne alimkuta shemeji ameketi mbele ya banda, kisu mkononi.

"Nawachinja waliobaki, niwafukie," alisema. "Nisije nikaambukiza kuku wa watu."

"Usiwachinje. Hawaumwi," mwalimu alisema. "Ni mimi, shemeji. Ni dawa yangu ya viwavi."

Shemeji akauliza, "Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na shimo ukachimba."

"Nikachimba."

Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Aliweka kisu chini, akasema, "Basi nenda ukawaambie na wao. Mimi wameshanisema vya kutosha."

Akaenda, mlango kwa mlango. Kwenye duka la kona, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alimkatiza: "Mwalimu! Si wewe uliyekuwa unatuchapa kwa kutosoma maelekezo?" Watu wakaangua kicheko. Yeye akasubiri kinyamaze, kisha akarudia maelezo tangu mwanzo, maana wawili walikuwa wameingia wakati huo na hawakusikia.

Wateja wa mayai walirudi mmoja mmoja. Tundu la ua mwalimu aliliziba mwenyewe. Viwavi wapya walipoanguliwa, aliwaokota kwa mkono, mgongo ukimuuma, akifahamu fika kwamba anaonekana kutoka dirisha la jikoni kwa shemeji.

Mwezi ulipokwisha alimpelekea shemeji mitetea kumi na mmoja ndani ya tenga. Shemeji aliwakagua mmoja mmoja, macho, mabawa, miguu, kisha akawaingiza bandani.

"Kuku nimewapokea," alisema akifunga mlango wa banda. "Hilo jingine, shemeji, nipe muda."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akachukua tenga lake tupu akaondoka.