Folda Mbili Zilizopauka

Meneja wa kiwanda cha vigae alijiona bingwa wa kompyuta. Jana alikalia kiti cha mpima vumbi, mama anayepima vumbi la hewani kiwandani, akagusa hapa na pale, na folda yenye vipimo vya mwaka mzima ikatoweka kwenye skrini. Leo, mbele ya mkaguzi wa afya, alikunja mikono juu ya kitambi, ametulia tuli.

"Huyu mama hajapima kitu," alisema. "Mwambie afungue hapo, uone mwenyewe. Hamna!"

Damu ilimchemka mpima vumbi. Mwaka mzima amezunguka na kifaa kifuani, vumbi likimjaa puani. Na shemeji yake, mume wa dada yake, yuko chumba cha kusagia sasa hivi, akikohoa mpaka anashika ukuta. Bila vile vipimo, mkaguzi hawezi kuifungia mashine ya kusagia inayotoa vumbi hilo. Halafu mtu anasimama hapa kusema hajapima!

Alijua kilichotokea. Meneja hakufuta, alificha tu. Aliweka alama kwenye neno "ficha", akadhani kazi imekwisha. Mpima vumbi aliujua mchezo huo vizuri, maana naye alikuwa na folda yake ya tamthilia, vipande mia na ishirini, ameificha kwenye kompyuta hiyo hiyo. Na kompyuta haina upendeleo. Ukiiambia ionyeshe vilivyofichwa, inaonyesha vyote, na pale kiwandani kutazama tamthilia kazini ni kufukuzwa.

Alisita. Kisha akajisemea liwalo na liwe, akabonyeza.

Folda mbili zikajitokeza, zimepauka kama kanga iliyofuliwa sana. Moja iliandikwa VIPIMO. Ya pili, TAMTHILIA USIGUSE.

Meneja aliruka. "Umeona, mkaguzi? Ndiyo kazi yake hiyo! Mama, kuanzia leo huna kazi. Zima hiyo kompyuta!"

"Sizimi." Aliupeleka mshale kwenye folda ya kwanza. "Tamthilia natazama, bosi, sikatai. Nimefika kipande cha tisini. Na vumbi nimelipima kila siku ya Mungu, wewe ukalificha. Aibu yangu mmeshaiona. Sasa tuone ya kwako."

Akaifungua ile ya vipimo, akainuka, akampa mkaguzi kiti chake.