Kelele ya Consolate

Wifi yangu Consolate alikuwa na mlio kifuani, ta, ta, ta, kama saa ya ukutani. Alipokuwa msichana mapadri walimpeleka Ubelgiji, na madaktari wakamwekea moyoni kifaa cha aina za mwanzo: kizimba kidogo cha chuma chenye kijipira ndani, kinachorukaruka ili damu ipite isirudi. Baadaye vilitengenezwa vya kimya zaidi, lakini yeye alishapata chake. Mji wetu mzima wa Sange, huku Kongo, ulimjua kwa mlio ule. Kanisani watoto waligombania kukaa karibu naye.

Vita vya 1998 vilipotukuta tulijificha na majirani kwenye matete ya mto Ruzizi, na mlio ukaacha kuchekesha. Askari walikuwa wanapita karibu. Pontien, jirani yetu, akasema mbele ya kaka yangu, mumewe Consolate, bila haya: "Huyu mwanamuke atatuuwisha. Aende pekee yake." Bado namchukia.

Mama yangu, Félicité, alikataa katakata. Yeye alihangaikia jambo lingine: mkamwana wake alikuwa anatoka damu kwenye ufizi, na mikono imejaa alama nyeusi. Ni vile vidonge alivyomeza kila siku tangu awekewe kile chuma, vya kuzuia damu isigande. Lakini kwetu aliyepungukiwa damu hupewa lengalenga, majani ya mchicha. Mama akawa anachuma, anachemsha, anampa bakuli zima kila siku.

"Mama, munganga alinikatazaka majani mingi. Inaua nguvu ya dawa."

"Munganga iko wapi hapa? Kula, mutoto wangu."

Mke gani wa kwetu anarudisha chakula cha mama mkwe? Alikula. Mama alimpenda sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki zikapita, mlio ukaanza kufifia. Asubuhi moja haukusikika kabisa. Siku hiyohiyo askari walisimama karibu mpaka tukanusa tumbaku yao. Wakasikiliza, wakaenda zao. Pontien akafanya ishara ya msalaba.

"Munaona?" mama akasema. "Damu imerudi, imefunika ile kelele."

Consolate alikuwa anahema kwa taabu, midomo imegeuka rangi. Alinivuta karibu.

"Damu imeganda pale kwenye chuma," alininong'oneza. "Usiambie mama."

Alikufa kabla ya mchana. Tulimzika palepale, kimya, bila wimbo.

Mama ni mzee sasa. Kila mgeni akija humsimulia jinsi lengalenga yake ilivyotuokoa wote siku ile. Ni kweli, ilituokoa. Mimi huinuka nikatoka nje.