Uso Wangu Kwenye Runinga ya Baba

Baba aliponunua runinga ile mpya, nyembamba kama kigae, alituhutubia sebuleni. Weusi wake, alisema, ni weusi wa kweli, kama wa ndani ya chungu kilichofunikwa. Onyo lilikuwa moja tu: picha isiyosogea isiachwe muda mrefu, maana hujichora kwenye kioo isitoke tena.

Mimi, mja wa Mungu niliyerudi likizo kutoka bwenini, niliweka kwenye runinga hiyo picha yangu nikiwa nimetoa ulimi na kukodoa macho, ili shangazi akiingia azimie kidogo. Shangazi hakutokea. Usingizi ukanipitia mpaka jua likageuka.

Nilipobadilisha stesheni, mtangazaji wa habari alikuwa na ulimi wangu kidevuni.

Nilizima, nikawasha, nikafuta kwa shati. Ulimi ulibaki palepale, hafifu kama kivuli, na macho mawili juu yake.

“Umekwisha,” dada alisema mlangoni. “Baba anawaleta wenzake wa kazini waje kuiona. Nikuandalie sanda?”

“Dada yangu mpenzi, nifiche.”

“Nikufiche wewe au yule? Maana mko wawili.”

Geti likalia. Baba aliingia na wageni, akawasha kwa madaha. Hotuba ya weusi wa kweli ikakatika katikati. Aliinama karibu na kioo, akatazama sana, kisha akanigeukia taratibu, akasema kwa sauti ya upole iliyonikausha mate.

“Mwanangu, hebu toa ulimi.”